Kanola ya Mama Mkwe

Mimi si mtu wa kushangazwa. Mtu aliyeuza ndizi Mosocho kwa mkokoteni wa kukodi, akaona nyanya zikimwagwa mtaroni Jumatatu kwa kukosa mnunuzi na Alhamisi nyanya hizo hizo zikitafutwa kama dawa, huyo ameshaona kila kitu ambacho bei inaweza kumfanyia binadamu. Shule niliiacha darasa la sita na sijasikia ikilalamika. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi Masimba, jengo langu mwenyewe lenye ghorofa moja juu, na kanta, lori dogo linalopeleka ndizi Nairobi. Walimu walionichapa hununua misumari kwangu, na huwapunguzia, maana sina kinyongo.

Ninachokijua mimi hakifundishwi darasani. Bei ni kama ng'ombe aliyekata kamba. Ukimfukuza kwa nyuma atakuchosha bure, lakini ukijua anakokwenda kunywa maji, unamtangulia, unakaa pale na kamba yako unamngoja. Kitu kikiwa kingi sokoni, nunua. Kikiwa haba, uza. Wengine husomea jambo hilo chuo kikuu kwa miaka na wakitoka huko wanakuja kuomba kazi kwa watu kama mimi.

Sasa, mwaka ule mafuta ya kupikia yalipanda bei mpaka wauza chipsi wa Masimba wakawa wanakaangia mafuta ya juzi. Ukila chipsi unaonja samaki wa mteja mwingine. Kina mama walikuwa wananunua mafuta ya kupima kwa kipimo kidogo kuliko kifuniko cha chupa, na wakifika nyumbani wanayafunika wasionekane na jirani. Kila mtu alilia. Mimi sikulia. Nilijiuliza swali ambalo mtu mwenye akili hujiuliza watu wakilia: hizi pesa zinazowatoka zinaingia kwa nani, na mlango uko wapi nami nisimame hapo?

Jibu lilikuja dukani kwangu lenyewe, limevaa gambuti. Alikuwa wakala wa kiwanda kimoja cha kukamua mafuta, huko Bonde la Ufa, amekuja kununua kufuli. Tukaongea. Akaniambia kiwanda kinatafuta kanola kwa udi na uvumba, mbegu ndogo nyeusi kama za sukuma wiki, ukizikamua zinatoa mafuta meupe ya watu wa mjini. Kilo moja, shilingi mia. Nikamuuza kufuli yenye funguo tatu kwa bei ya yenye funguo mbili, na nikaomba namba yake.

Shida ilikuwa shamba. Anayejua Kisii anajua kwamba ardhi yetu imegawanywa tangu enzi za babu zetu mpaka mtu akilala kwake miguu inaingia kwa ndugu yake. Kipande changu cha urithi kinatosha mbuzi mmoja, asiyependa kutembea. Lakini mama mkwe wangu, mjane wa Birongo, alikuwa na ekari moja na nusu, yote ndizi, imelala vizuri ikitazama bonde. Na ndizi msimu huo zilikuwa zimejaa kila mahali. Mkungu mkubwa ulikuwa shilingi mia mbili na hamsini, na muuzaji anakushukuru. Ilikuwa kinyume cha akili kuacha ndizi zisimame pale huku watu wakilia mafuta.

Hapa lazima nieleze kitu kwa wasomaji wa mbali. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mtu na wakwe zake. Mwanamume hamshiki mkono mama mkwe wake, hamkazii macho, hatanii mbele yake. Na zaidi ya hayo yote, habishani naye. Ukibishana na mama mkwe, hata ukishinda umeshindwa, na habari itakutangulia kwenye kila mazishi utakayokwenda. Mimi nimebishana na madereva wa malori, na askari, na wazungu wawili waliotaka kununua mawe ya sabuni, yale ya kuchongea vinyago. Sijawahi kubishana na mama mkwe.

Basi tulienda Birongo, mimi na mke wangu. Nilikalishwa nje kwenye kiti cha plastiki, chini ya upenu. Mama mkwe alikuwa jikoni anachambua mboga ya managu, mlango wazi, amenipa mgongo. Mke wangu akasimama katikati. Kila mmoja wetu alimsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini maneno yalilazimika kupita kwa mke wangu, kama pesa zinavyopita kwa wakala, na kila yalipopita yeye aliyakata kidogo.

"Mwambie mama," nikaanza, "ndizi siku hizi hazina bei."

"Mama, baba watoto anasema ndizi zako ni nzuri sana."

"Nimesikia alivyosema," mama mkwe akaiambia sufuria. "Muulize yeye mchana hula nini."

"Mwambie nitazing'oa kwa gharama yangu. Mbegu yangu, mbolea yangu, vibarua wangu. Mavuno yake. Nayo nitayanunua yote mimi mwenyewe, shilingi themanini kila kilo, bei isiyotingishika."

Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Ninunue themanini, niuze mia, na mama mkwe abaki akinisifu kanisani.

"Isiyotingishika namna gani?" akauliza.

"Mvua inyeshe, jua liwake, serikali ianguke," nikasema. "Themanini."

Mke wangu hakutafsiri hiyo. Alinitazama tu.

"Mwambie mumeo mimi nina mgongo mmoja," mama mkwe akasema. "Kisima kiko bondeni na mimi niko huku juu. Nataka tanki la maji, lile jeusi kubwa, na mifereji ya paa. Nikiuza ndizi mkungu mkungu nitalifikia hilo tanki nikiwa nimebebwa. Kanola yake itanipa tanki?"

"Atapata tanki na chenji."

"Na ndizi zikishang'olewa nitakula hiyo kanola?"

"Nitamletea mkungu mmoja kila wiki."

"Mpaka lini?"

Na mimi, kwa vile mkungu ulikuwa mia mbili na hamsini, nikajibu kama mtu anayeulizwa kama anataka sukari kwenye chai: "Mpaka zile atakazopanda tena zizae."

Managu yakaendelea kuchambuliwa.

"Mama anashukuru," akasema mke wangu. Mama hakuwa amesema neno.

Njiani kurudi, mke wangu alisema jambo moja tu. "Umemwahidi mama tanki. Usipolileta, mimi ndiye nitakayekuwa nachota maji Birongo, na wewe utakuwa unapika mwenyewe Masimba."

Wiki hiyo nilienda Kisii mjini kununua magunia kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la jumla. Nilimbebea mizigo nikiwa kijana, na mpaka leo namwita bosi, na yeye huniita bwana mkubwa kwa sauti ambayo sijaielewa. Nikamweleza habari ya kanola. Akavua miwani.

"Nani amekuambia bei ya mafuta inalimwa Birongo, bwana mkubwa?"

"Inalimwa wapi?"

"Bandarini. Pale kuna mlango unaitwa ushuru. Serikali ikiufunga, mafuta ya nje yanakuwa ghali, na kiwanda kitakutafuta wewe na kanola yako mpaka chooni. Serikali ikiufungua, mawese yanaingia kwa meli, na kiwanda hakikumbuki sura yako. Ufunguo unao wewe?"

"Serikali haiwezi kufungua. Wakulima wataumia."

"Wakulima wa kanola mko wangapi?"

"Sijui. Wachache."

"Na wanaokaanga?"

Nikamwambia bosi amezeeka, biashara imempita. Akacheka akavaa miwani yake, akaniuzia magunia bila kunipunguzia hata shilingi.

Tukang'oa ndizi. Sitaeleza siku hiyo kwa urefu, ila mama mkwe aliingia nyumbani akafunga mlango mpaka mashina ya mwisho yakaondoka. Tukapanda, mvua ikaja kwa wakati, na kanola ikaota kama imetumwa. Na hapo ndipo niligundua kitu ambacho wakala wa gambuti hakuwa amekijua, kwa kuwa hakuzaliwa kwetu. Kanola ikiwa changa ni mboga. Inafanana na sukuma wiki, inafanana na figiri, na Mgusii, mtu wa kwetu, akiona jani la kijani linalofanana na mboga hawezi kulipita, ni kama kumpita mjomba njiani bila kumsalimu. Tena kwetu kuchuma majani ya maboga au ya kunde shambani kwa mtu si wizi. Ukichuma bila kung'oa mzizi, umesaidia.

Nilifika siku moja nikakuta kina mama wa kanisa la mama mkwe wamejipanga kwenye mistari ya kanola, kila mmoja na kikapu.

"Karibu, mkwe wetu," mmoja akanisalimu bila kuinuka. "Mboga yako ni tamu. Ila inataka maziwa kidogo."

Ningemfukuza nani? Mama mkwe mwenyewe alikuwa mstari wa mbele, akiwaonyesha majani laini. Nikawasalimu wote, nikarudi kwenye gari nikakaa.

Hata hivyo ilikua, ikatoa maua. Mlima mzima wa Birongo ukawa na kipande kimoja cha manjano kama mtu amemwaga rangi ya duka langu. Vijana wakawa wanakuja kupigia picha pale wakiwa na suti za kuazima. Watu waliniuliza ni nini, na mimi sikuweza kunyamaza, kunyamaza si kipaji changu. Niliwaambia sokoni, niliwaambia kinyozini, niliwaambia kwenye harambee nikiwa na kipaza sauti: kanola, kilo moja kwa shilingi mia, mafuta ya watu wa mjini. Kabla ya maua yangu kudondoka, ng'ambo ya mto kulikuwa na kipande kingine cha manjano, na kingine juu ya shule, na wakala aliniambia kule Bonde la Ufa watu walikuwa wameitandaza mpaka macho yanauma. Wote tulikuwa tumeona mbali, na tulikuwa tumeona mahali pamoja.

Tulipomaliza kuvuna, Ijumaa jua likiwa limeshazama, wakala akapiga simu. Kanola ni nyingi, akasema, kiwanda hakitoi mia tena. Sabini. Lori lao litapita Birongo Jumamosi kununua papo hapo.

Sabini. Mimi nimeahidi themanini. Nikapiga moyo konde: kupoteza shilingi kumi kila kilo ili mama mkwe apate tanki, hiyo si hasara, huo ni mchango. Kilichonisumbua ni hilo neno Jumamosi.

Mama mkwe ni Msabato, si wa mdomo tu. Mimi ni Mkatoliki wa Krismasi na mazishi. Magunia kumi na mawili ya kilo hamsini yalikuwa ndani ya nyumba yake, nyumba imefungwa, ufunguo uko ndani ya mkoba wake mweusi, mkoba uko juu ya Biblia, na Biblia iko kanisani. Simu yake Sabato huwa imezimwa. Ya mke wangu pia.

Nilifika kanisani lori likiwa limeshaegesha pale sokoni na Wakatoliki wenzangu wanapima magunia kwa furaha. Mlangoni palikuwa na mzee wa kanisa amevaa tai.

"Mzee," nikamwambia kwa sauti ya chini, "nina neno dogo na mama mkwe."

"Neno la Mungu au la sokoni?"

"La katikati."

"Karibu ndani basi," akasema akinishika mkono. "La Mungu likiisha, tutaona la katikati."

Kumbe mgeni kwao hakai nyuma. Nilipelekwa mpaka kiti cha mbele kabisa, nikaambiwa nisimame nisalimie washarika. Nikasimama. Mama mkwe alikuwa safu ya tatu, ameinamisha macho kama heshima inavyotaka, na mimi nimeinua yangu darini, na mkoba mweusi uko pale kati ya dari na sakafu ambapo siwezi kutazama. Nje lori likapiga honi.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina."

"Nimefurahi kuwa nanyi. Mimi ni mkwe wa hapa. Nina... nina magunia..." Lori likapiga honi tena. "Nina maguvu ya kumshukuru Mungu."

"Amina," wakasema wote, na wakaimba wimbo wenye beti nyingi.

Baada ya mahubiri kulikuwa na chakula cha pamoja, na mgeni hawezi kuondoka kabla ya kula. Nilipakuliwa ugali na mboga ya majani yaliyokaushwa, iliyotiwa maziwa. Nilipoionja nikajua ni mali yangu. Lori lilipita mbele ya dirisha likielekea Keroka, limejaa.

Jumapili jioni redio ikasema kwamba ili kuwapunguzia wananchi mzigo, mafuta ya kupikia yataingia nchini bila ushuru. Pale Masimba watu walipiga makofi. Muuza chipsi alinipa chipsi za bure, za mafuta mapya. Jumatatu nikampigia wakala simu.

"Arobaini na tano," akasema.

"Juzi ilikuwa sabini."

"Juzi ilikuwa juzi, mzee. Meli zinashusha."

Nilirudi Birongo na mke wangu. Kiti kile kile cha plastiki, mgongo ule ule jikoni. Nimewahi kujadili bei na watu wenye bastola, lakini siku hiyo nilianza kwa kukipangusa kiti kilichokuwa safi.

"Mwambie mama," nikasema, "serikali imeondoa ushuru."

"Mama, baba watoto anakusalimu."

"Serikali imeanguka?" mama mkwe akauliza.

"Haijaanguka," nikasema. "Imefungua mlango wa mafuta ya nje. Bei imeshuka kila mahali. Mwambie si mimi, ni dunia. Pengine hamsini na tano..."

Mke wangu hakupeleka hiyo. Alikunja mikono. Jikoni kisu kikaacha kukata. Mama mkwe hakugeuka, hakupandisha sauti, na hakuniambia mimi.

"Mwanangu," alimwambia mke wangu, "mimi serikali siijui, hata ushuru siujui. Sijawahi kuongea na meli. Niling'oa ndizi za marehemu baba yako kwa neno la mtu mmoja, amekaa hapo nje. Kama neno lake limeshuka bei, mwambie aliseme mwenyewe, nitageuka nimtazame."

Hapo ndipo alipokuwa amenifunga. Angegeuka akanitazama machoni na mimi nikitaja hamsini na tano, chinsoni ingekuwa imevunjika mikononi mwangu, nami nisingeingia tena katika boma lile mpaka nizikwe. Ukoo wake wote ungejua. Na mke wangu alikuwa ameshageukia ndoo ya kuchotea maji, anaipima uzito kwa mkono.

"Mwambie mama asigeuke," nikasema. "Themanini."

Nililipa elfu arobaini na nane, noti juu ya noti, mkononi mwa mke wangu, naye akapitisha jikoni. Magunia nikayabeba kwa kanta yangu, nikayauza elfu ishirini na saba. Tanki nikalileta kutoka dukani kwangu, maana hata kwenye msiba mtu hanunui kwa mshindani, na mafundi wakaweka mifereji. Mvua ya kwanza ilipolijaza, mama mkwe alituma neno kupitia kwa mke wangu kwamba maji ni matamu. Nililitunza neno hilo kwa sababu mke wangu aliapa hakulipunguza wala kuliongeza.

Nikadhani tumemaliza. Mama mkwe akapanda machipukizi ya ndizi, akayapalilia taratibu kama mtu asiye na haraka yoyote. Na ndizi, ndugu msomaji, zikaanza kuadimika. Tulikuwa tumeng'oa kwingi, sisi tulioona mbali, na Nairobi haikuacha kula. Mkungu ukafika mia nne. Ukafika mia sita. Kanta yangu ikawa inarudi nusu tupu, lakini kila wiki lazima mkungu mmoja, tena mzuri, ushushwe Birongo. Nilipofikisha mkungu wa mia tisa nilimwuliza mke wangu kama mama hawezi kujaribu viazi. Akasema nikamwulize mwenyewe.

Katikati ya hayo serikali ikaurudisha ushuru, kwa ajili ya kuwalinda wakulima. Wakala wa gambuti akaja dukani tena, anang'aa, akaniambia kanola imepanda na kiwanda kinatafuta mashamba. Nilikuwa na mkungu begani. Nikamwelekeza kwa mwalimu wangu wa darasa la tano, ambaye amestaafu juzi na ana pesa ya kiinua mgongo na ekari mbili za ndizi.

Ndizi za mama mkwe zilizaa mwaka huu. Mkungu wa kwanza alinitumia mimi, kwa heshima, na nilikula nikiwa nimekaa kwenye ghorofa yangu, nikipiga hesabu ya kile kanola ilichonigharimu, kichwani kama nilivyozoea. Tofauti ya bei ya kanola, elfu ishirini na moja. Mbegu, mbolea na vibarua, elfu thelathini na moja na mia tano. Mikungu ya kila wiki, elfu hamsini na mbili, mia tatu na sabini. Tanki silihesabu, lilitoka kwenye pesa yake. Yote pamoja, shilingi laki moja na elfu nne, mia nane na sabini.